Jeki kuingia haimaanishi umetengeneza Eurorack

Meseji imekuja tena. "Mkuu, moduli yangu iko kompatibo kabisa na Eurorack, jeki za 3.5 mm, pawa plus-minus 12, paneli inakaa kwenye reli bila shida. VCO ikiwa moja inashika tuni, ila nikigawa CV ya kibodi kwa multi nikaweka na ya pili, zote zinashuka chini ya noti kadiri ninavyopanda juu. Nahisi kebo ni mbovu."

Kebo ni nzima jamani. Kwa mgeni: Eurorack ni sinthesaiza ya vipande, yaani moduli, zinazofungwa kwenye boksi moja na kuunganishwa kwa kebo; VCO ni moduli inayotoa noti, CV ni volti inayoiambia ipige noti gani, na multi inagawa jeki moja kwenda nyingi. Kila anayeniandikia anaamini vitu vikishaingiana basi vimeelewana, na mimi nimechoka kujibu kitu kilekile inbox, kwa hiyo najibu hapa mara moja na kuanzia leo atakayeuliza namtumia linki.

Kwanza ujue hakuna ofisi ya Eurorack. Dieter Doepfer wa Ujerumani alitoa mfumo wake wa A-100 katikati ya miaka ya 1990, akatumia reki za Eurocard ambazo viwandani na maabara zilikuwepo tayari, akaweka jeki ndogo na ribon (kebo bapa) ya pawa, akachapisha vipimo vyake, wenzake wakaanza kufuata, wakazidi kuongezeka mpaka tukafika hapa. Hakuna anayekagua, hakuna muhuri. Sehemu ya chuma ndo standadi ya kweli, imetoka Eurocard. Sehemu ya umeme ni mazoea tu, kama siti ya nyuma ya daladala, hakuna aliyeandika mnakaa watano ila kila mtu akiingia anasogea. Na asiyesogea ndo huyu tunayemzungumzia leo.

Chuma sitaki kukaa nacho: paneli milimita 128.5 kwenda juu, HP moja, kipimo cha upana, ni 5.08 mm, upana wa paneli upunguze sehemu ya milimita ili jirani naye apate nafasi, skrubu M3, kwisha. Ukitaka kuingia kwenye mambo ya 1U (safu ya moduli fupi) ujue za kampuni ya Intellijel na za Pulp Logic hazina kimo kimoja, chagua upande kabla hujakata bati.

Sasa kwa wale wa "jeki imeingia". Chukua sinthesaiza ya Korg MS-20 mini ya 2013. Jeki zake ni 3.5 mm, kebo zako zote zinaingia safi. Haya, chomeka CV ya Eurorack kwenye VCO yake uone. Ile inatumia hezi kwa volti: kupanda oktavu moja lazima volti iwe mara mbili, yaani 1, 2, 4, 8, wakati sisi wa Eurorack tunapanda 1, 2, 3, 4, volti moja kwa oktavu. Na triga yake, ishara ya kuanzisha noti, ni ile ya kugusisha graundi, sio ya kupandisha volti, kwa hiyo geti yako (volti inayosema noti imebonyezwa) ikiwa juu yenyewe inaona kimya. Don Buchla, mtengeneza sinthesaiza wa Marekani, naye alikuwa na volti 1.2 kwa oktavu, yaani volti 0.1 kwa semitoni, hesabu nzuri kweli, na haiendani na mtu. Umbo la jeki halikuambii chochote kuhusu kilichomo ndani ya waya.

Pawa. Mstari mwekundu wa ribon ni -12V, hilo kila mtu analijua, na kila mtu atakuambia weka diodi mbili ukigeuza ribon utakuwa salama. Hapa naomba usome taratibu. Kwenye kichwa cha pini 10 ni kweli, maana mpangilio unafanana ukitokea juu au chini: jozi ya -12, jozi tatu za graundi, jozi ya +12. Ukigeuza, +12 na -12 zinabadilishana nafasi, diodi zinakataa, maisha yanaendelea. Lakini siku umeamua kuweka kichwa cha pini 16 kwenye board yako kwa sababu unataka +5V, jozi zinakwenda hivi: -12, graundi, graundi, graundi, +12, +5, CV, geti. Igeuze kichwani mwako. Zile jozi tatu za graundi yako sasa zimekalia +12, +5 na CV ya basi (board ya pamoja inayogawa pawa), na graundi ya board yako ni shaba moja, kwa hiyo umechukua +12 ukaimwaga kwenye +5 ya boksi zima. Diodi zako ziko kwenye njia ya +12 na -12, kwenye graundi hazipo, zinatazama tu. Moduli yako inaweza ikatoka nzima kabisa, ikafa ya jirani ya kidijitali iliyokuwa inakula +5 kwa amani yake. Dawa ni kichwa chenye ukuta na pengo moja ili ribon iingie upande mmoja tu, na uandike -12 kwenye board kwa herufi ambazo mtu mwenye usingizi atazisoma. Diodi weka pia, ila usizipe kazi ambayo haziwezi.

Kitu kingine cha pawa, +12 ya basi sio rejea, yaani sio volti isiyoyumba ya kupimia nyingine. Narudia, sio rejea! Watu wanaichukua moja kwa moja wanaipeleka kwenye poti (rezista ya kuzungusha) ya tuni. Hiyo +12 ikishuka milivolti 12 tu, sehemu moja kwa elfu, poti iliyosimama kwenye volti 5 inashuka milivolti 5, na kwa volti moja kwa oktavu senti moja, sehemu ya mia ya semitoni, ni milivolti 0.83, kwa hiyo umeshapoteza senti 6 kwa sababu LFO (oskileta ya polepole) ya jirani imewasha taa yake. Utasikia VCO inayumba kwa mwendo uleule wa ile LED, utadhani ni vibrato ya makusudi. Weka LM4040, chipu ya rejea, au regyuleta ndogo ya kwako hapo kwenye poti, ni kitu cha bei ndogo.

Graundi nayo ni hivyohivyo. Waya wa ribon una ukinzani, mdogo, lakini milivolti nazo ni ndogo: mkondo wa miliampia 50 kupita kwenye omu 0.05 unakupa milivolti 2.5, tayari senti 3. Ndo maana wanaojua wanarudisha mkondo wa LED kwenye graundi yake peke yake mpaka kwenye kichwa cha pawa. Kuhusu zile rezista za omu 10 au shanga za feraiti kwenye kuingilia pawa, nitasema ukweli: mimi naweka omu 10 kwa mazoea. Kwenye moduli za analogi sijawahi kusikia tofauti kwa masikio yangu, na moduli ikila miliampia 50 hiyo rezista inakunyang'anya nusu volti bure. Ukiona mtu anabishana kwa hasira kuhusu hili muombe akupe rekodi mbili uzisikilize.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe. 1k na 100k, yaani omu elfu moja na omu laki moja.

Mazoea yanasema jeki ya kutoa iwe na rezista ya 1k mbele yake, na jeki ya kupokea iwe na ukinzani wa 100k. Ile 1k ipo kwa sababu binadamu atachomeka chochote popote. Atagusisha ncha ya kebo kwenye graundi wakati anachomeka, ataunga jeki mbili za kutoa pamoja akidhani anamiksi. Moja ikiwa +10 na nyingine -10, hizo ni volti 20 kwenye 2k, miliampia 10, hakuna anayekufa. Bila ile 1k op-ampu (chipu za ampu zinazosukuma jeki) zinasukumana mpaka mojawapo ichoke. Kwa hiyo usiitoe.

Lakini angalia inafanya nini kwenye CV ya noti. 1k na 100k ni kigawanya volti. Kibodi inatoa volti 3.000, kwenye mlango wa VCO inafika 2.970. Asilimia moja, utasema si kitu. Kwenye ampu ya gitaa si kitu kweli. Kwenye oktavu ya tatu ni senti 36, zaidi ya theluthi ya semitoni. Ongeza VCO ya pili kwa multi ya kawaida isiyo na bafa (ampu ya kati), sasa 100k mbili ziko sambamba ni 50k, inafika 2.941, senti 71. Weka ya tatu, 2.913, senti 105, umevuka semitoni nzima na umeme wote "uko kompatibo". Na wale wenye kuweka poti ya 10k mlangoni kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani, hapo 3.000 inafika 2.727, semitoni tatu na zaidi zimeyeyuka, halafu meseji inakuja kwangu kwamba kebo ni mbovu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mita inakudanganya kwa uaminifu kabisa. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa megaomu 10, kwa hiyo ukichomoa kebo ukapima jeki ya kibodi ikiwa tupu unaona 3.000, unaapa kibodi iko sawa. Unapima VCO peke yake kwa pawa ya maabara, nayo iko sawa. Kila kimoja kiko sawa kikiwa peke yake! Pima vikiwa vimeunganishwa: unganisha kebo ya kibodi kwenye multi, tundu moja la multi uliache wazi, ingiza kipande cha kebo ya mono na mita upande wa pili, kisha chomeka VCO moja moja ukiangalia namba inavyoshuka. Ukishaiona inashuka kwa macho yako hutauliza tena.

Sasa utasema, si nasetisha tu trimpoti ya skeli (poti ndogo ya kurekebisha volti kwa oktavu) mpaka inatrack, yaani inafuata noti sawasawa? Ndiyo, na watu wengi ndo wanavyofanya, na VCO yako itatrack vizuri sana na kibodi ileile, kwa idadi ileile ya VCO, milele na milele. Siku rafiki yako anakuja na sikwensa yenye jeki ya aina nyingine, au unaamua kuongeza VCO, umerudi mwanzo. Umeficha kosa la kibodi ndani ya VCO.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama, ni kuhamisha waya mmoja. Ile 1k iache palepale kati ya op-ampu na jeki, ila fidbaki (waya unaoirudishia op-ampu volti iliyotoka) ichukue baada ya rezista, upande wa jeki, badala ya kuichukua kwenye mguu wa op-ampu. Sasa op-ampu inaangalia volti iliyoko jekini penyewe na inasukuma zaidi kidogo kufidia kilichopotea kwenye 1k. Ulinzi bado upo, maana mkondo bado unapita kwenye 1k, ila kwa CV inayotembea polepole ukinzani wa kutoa unakuwa karibu na sifuri. Ongeza kapasita ya makumi ya pikofaradi kutoka mguu wa kutoa wa op-ampu kwenda mguu wake wa minasi, usipoiweka kebo ndefu ina kapasitansi ya kutosha kuifanya op-ampu ianze kupiga kelele yenyewe kwa frikwensi ambayo husikii ila VCO inaisikia. Na op-ampu yenyewe iwe na nafasi ya juu, ukitaka volti 10 jekini kwenye mzigo mzito inabidi itoe zaidi ya 10, na op-ampu ya TL072 kwenye plus-minus 12 inaanza kukosa pumzi kabla ya kufika kwenye 12 yenyewe.

Kwa hiyo kila jeki iwe hivyo? Mimi naweka jeki za noti tu, zilizobaki, sauti, LFO, envelopu, 1k inakaa nje kama kawaida. Ukiniuliza kwa nini sio zote sina jibu la kihesabu lililonyooka, nimeona zile za nje zinavumilia fujo vizuri zaidi watu wakiunga kutoa kwa kutoa, na kwa envelopu asilimia moja haina anayeisikia. Wapo mafundi wazuri tu wanaofanya kinyume changu na vyombo vyao vinafanya kazi. VCO setisha kwa chanzo chenye ukinzani sifuri, ili skeli yako iwe volti moja kamili mlangoni, sio volti moja ukihesabu na matatizo ya mwenzio.

Ila hata ukifanya yote hayo, joto litakukuta, na sisi wa Dar joto tunaliishi. Ndani ya VCO kuna kigeuzi cha eksponenti, transista ambayo karibu milivolti 18 za ziada kati ya besi na emita, miguu yake miwili, zinadabo mkondo wake. Hizo 18 zinategemea joto. Transista mbili zilizofanana, zikigusana, zinafuta sehemu kubwa ya tatizo, ila inabaki ile asilimia 0.33 kwa kila digrii, na hiyo jozi haiwezi kuifuta. Ukitoka na chombo chako kwenye chumba chenye AC ukaenda kupiga nje uwanjani, digrii 10 zinapatikana kirahisi. Hiyo ni asilimia 3.3, na ukiwa oktavu tatu kutoka kwenye noti ya rejea ni senti 119. Zaidi ya semitoni, kwa sababu ya jua tu.

Ndo maana vitabu vinataka rezista maalumu inayopanda 3300 ppm (sehemu kwa milioni) kwa digrii, igundishwe juu ya zile transista kwa gundi ya kupitisha joto. Kariakoo sijawahi kuikuta, utapata TL072, utapata 4558 kwa wingi kwa sababu ndo mkate wa mafundi wa ampu, hiyo hapana. Shaba ya kawaida inapanda karibu 3900 ppm, iko karibu, ila ukitaka 1k kwa waya wa shaba wa milimita 0.1 utazungusha karibu nusu kilomita, kila la heri. Kuna ujanja wa kutumia koili ya relay ndogo, ambayo ndani yake ni hiyohiyo shaba imeshazungushwa na mtu mwingine. Inafanya kazi kiasi fulani, inakamata mngurumo ukiiweka karibu na transfoma, na kuigundisha vizuri kwenye transista ni shughuli. Kama huna hamu ya hayo yote chukua AS3340 ya Alfa kutoka Riga, Latvia, ambayo ni nakala ya CEM3340 ya Doug Curtis, fidia ya joto imo ndani ya chipu. Bado ipe muda ipashe moto kabla ya kutuni. Na nitakuambia kingine ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote: board mbili, parts za paketi moja, layout moja, moja inatrack oktavu tano bila kelele, nyingine inagoma oktavu ya juu kabisa mpaka uhangaike nayo, na sababu siipati kila mara. Flaksi iliyobaki chini ya chipu ndo mshukiwa wangu wa kwanza, kuisugua kwa spiriti kumesaidia mara nyingi ila sio zote.

Wa Arduino sijawasahau. PWM (kuwasha na kuzima pini haraka ili kuiga volti) ya biti 8 kwenye volti 5 inapanda kwa hatua ya milivolti 19.6, senti 23 na ushee kwa hatua, na ile 5 inatoka USB ambayo yenyewe sio 5. Hiyo ni CV ya filta, sio ya noti. Tumia MCP4822, chipu ya kugeuza namba kuwa volti, ina rejea ndani, ukiiweka kwenye geini ya 2 inakwenda mpaka volti 4.096 kwa hatua 4096, milivolti moja kwa hatua, senti 1.2. Kisha bafa, kisha ile 1k ndani ya fidbaki kama tulivyosema.

Geti fupi tu. Toa volti 5 au zaidi. Kupokea, usipeleke jeki moja kwa moja kwenye pini ya maikrokontrola ya 3.3V, kuna siku mtu atachomeka LFO ya minasi 5 hapo na atakuwa na haki kabisa ya kufanya hivyo. Rezista ya 100k, transista moja ya NPN, diodi ya kukata minasi kwenye besi, imetosha, itavumilia hata -12. Kila jeki ya kupokea ichukulie itakutana na plus-minus 12 siku moja.

Na kama unataka kuona haya yote kwenye vitu vilivyouzwa na kupigwa kweli, skematiki za moduli za kampuni ya Mutable Instruments ziko wazi intaneti. Fungua yoyote, usihangaike na prosesa, nenda kwenye kurasa za kuingiza na kutoa uangalie 100k ziko wapi, jeki gani zina 1k, na rejea ya volti wameitoa wapi. Fanya hivyo halafu ndo uniandikie.